Ubora, Muda na Mashaka: Kanyaruchinya katika Historia ya Upangaji wa Kazi

1.0 Utangulizi

Waswahili wana methali mbili zinazopingana waziwazi. Ya kwanza husema kuwa haraka haraka haina baraka; ya pili hujibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Wanafunzi wa fasihi simulizi huuliza mara kwa mara ipi kati ya hizo mbili ni ya kweli, nao hujibiwa kuwa kila moja ina mahali pake. Jibu hilo ni sahihi, lakini huacha nyuma swali lililo gumu zaidi: mtu atajuaje, kabla tukio halijamalizika, kuwa pale alipo ni mahali pa methali ya kwanza au ya pili?

Madhumuni ya makala haya ni kulichunguza swali hilo kwa kuziweka pamoja historia mbili ambazo kwa kawaida husomwa mbalimbali. Historia ya kwanza ni ya mawakala wa kompyuta, yaani programu zinazopewa lengo na kuachiwa zijipangie zenyewe kazi za kulifikia. Historia ya pili ni ya Kanyaruchinya, kijiji kilichoko kaskazini mwa jiji la Goma, katika eneo la Nyiragongo, kando ya barabara ya taifa namba 2 iendayo Rutshuru. Kijiji hicho kimejengwa juu ya mwamba wa lava, chini ya mlima wa moto, na katika njia ambayo majeshi na wakimbizi wamepita mara nyingi. Watu wake wamelazimika kuchagua kati ya kukimbia na kungoja zaidi ya mara moja katika kizazi kimoja.

Hoja yetu ni kuwa hakuna ratiba iliyo bora kwa kila hali. Ratiba huwa bora kwa mujibu wa kigezo fulani, na kigezo hicho ni lazima kitajwe kabla ya kazi kuanza. Wataalamu wa kompyuta walilazimika kukitaja, kwa kuwa mashine haitendi kwa jambo lisilosemwa. Katika utawala wa maafa, kinyume chake, kigezo mara nyingi kimebaki moyoni mwa mwenye amri, na hasara yake imewaangukia wale ambao hawakuulizwa.

2.0 Neno "mashaka"

Kabla ya kuendelea, inafaa tutazame istilahi. Vitu vitatu anavyovipima mpangaji wa kazi ni ubora wa matokeo, muda unaotumika, na hali ya kutokuwa na hakika juu ya hivyo viwili. Kwa hali hii ya tatu, baadhi ya waandishi husema "ukosefu wa hakika". Istilahi hiyo ni safi na haina utata. Hata hivyo, katika makala haya tumechagua neno la zamani, "mashaka".

Sababu yetu ni kuwa neno hili lina maana mbili katika matumizi ya kila siku. Mtu mwenye mashaka ni mtu asiye na yakini; aidha, ni mtu aliye taabuni. Mwanahisabati angependa maana hizi zitenganishwe. Mwanahistoria wa Kanyaruchinya ana sababu ya kuziacha pamoja, kwa kuwa huko yule asiyejua ndiye ateswaye. Mwenye gari na akiba benki anaweza kukosea kuhusu mlima na asipoteze ila siku moja. Mwenye shamba la maharage na mbuzi wawili akikosea hivyo hivyo hupoteza mwaka mzima.

Ikumbukwe pia kuwa Kiswahili cha Kivu kimekwisha kuipa sayansi ya volkeno istilahi moja. Neno "mazuku", ambalo watu wa huko hulitumia kwa hewa mbaya inayojikusanya mabondeni na kuua wanyama na watu, hutumiwa sasa na wataalamu wa nchi mbalimbali kwa maana ya mikusanyiko ya hewa ya ukaa itokayo ardhini. Kwa hiyo si jambo geni kwa elimu ya hatari kujifunza kutoka kwa wakazi wa mteremko huo.

3.0 Mawakala wa kompyuta na ratiba zao

Mwaka 1956 Herbert Simon, mtaalamu wa Marekani, alitoa hoja kuwa kiumbe mwenye muda na ujuzi wenye kikomo hatafuti jibu lililo bora kuliko yote, bali hutafuta jibu linalotosha. Wazo hilo lilichukua muda kuingia katika sayansi ya kompyuta, kwa kuwa desturi ya sayansi hiyo ilikuwa ni kusubiri jibu kamili. Mwaka 1988 Thomas Dean na Mark Boddy walieleza aina ya programu ambayo inaweza kukatizwa wakati wowote nayo ikatoa jibu: jibu hafifu ikikatizwa mapema, jibu zuri zaidi ikiachiwa. Hapa muda ulihesabiwa kuwa sehemu ya ubora wenyewe.

Katika miaka ya 1990, Victor Lesser na wenzake katika Chuo Kikuu cha Massachusetts walilipeleka wazo hilo mbele. Keith Decker alisaidia kuunda lugha ya kueleza kazi na mahusiano yake: kazi hii huiwezesha ile, na kazi ile huirahisishia nyingine. Alan Garvey na Thomas Wagner walishughulikia upangaji wenyewe. Katika mfumo wao, kila kazi inaweza kufanywa kwa mbinu zaidi ya moja, na kila mbinu huelezwa kwa ubora, gharama na muda. Lakini vipimo hivi havikuandikwa kama tarakimu moja moja. Viliandikwa kama uwezekano: pengine dakika kumi, pengine thelathini. Kisha mtumiaji alitakiwa aeleze vigezo vyake: ni kiasi gani cha ubora yuko tayari kukitoa ili aokoe muda, na ni kiasi gani cha mashaka anaweza kukivumilia.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo hili liwe wazi. Tuseme watu 100 wanahitaji maji salama kabla ya giza. Mbinu ya kwanza ni lori la maji yaliyosafishwa. Likifika, watu 90 watapata maji salama. Lakini barabara ni mbaya, na nafasi ya kufika kabla ya giza ni 6 katika 10. Mbinu ya pili ni kutia klorini katika ndoo za wale wachotao ziwani. Hii hufikia watu 60 tu, ila haina shaka. Kwa wastani, lori hutoa 54 na ndoo hutoa 60. Basi ndoo zinashinda. Barabara ikitengenezwa na nafasi ikawa 8 katika 10, wastani wa lori hupanda hadi 72. Basi lori linashinda.

Lakini je, ni kweli linashinda? Katika jioni 2 kati ya 10, wenye lori hawatampa mtu yeyote hata tone. Aliyesema kuwa kigezo chake ni wastani atachagua lori. Aliyesema kuwa kusiwe na jioni hata moja ya kukosa kabisa atabaki na ndoo. Tarakimu ni zile zile. Wote wawili wamehesabu sawasawa. Tofauti yao haimo katika hesabu bali katika jambo walilolitanguliza, na hakuna kompyuta iwezayo kuwaamulia. Kazi ya baadaye ya Wagner, Lesser na Anita Raja iliongeza swali jingine: hatua ya kwanza ikishindikana, ni njia gani zitabaki wazi? Ratiba yenye wastani mdogo kidogo lakini yenye mlango wa kutokea yaweza kufaa kuliko ratiba nzuri isiyo na mlango.

4.0 Mlima: 1977, 2002 na 2021

Tukiwa na maswali hayo, sasa tuugeukie mlima Nyiragongo. Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava lililokuwa kileleni lilipasua kuta za mlima na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kupita kiasi, na katika miteremko mikali ilikwenda kwa kasi ambayo mtu hawezi kuishinda kwa miguu. Makadirio ya vifo yanatofautiana sana. Katika hali ya namna hiyo hakuna ratiba ya kupangwa: muda wa kutenda ni mfupi kuliko muda wa kufikiri.

Tarehe 17 Januari 2002 mambo yalikuwa tofauti. Nyufa zilifunguka asubuhi katika ubavu wa kusini, na lava iliingia Goma saa kadhaa baadaye, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kati ya jiji, ikafika Ziwa Kivu. Jiji lilikuwa chini ya utawala wa waasi wa RCD-Goma, na wachunguzi wa volkeno walikuwa na vyombo vichache mno vya kupimia matetemeko. Hata hivyo, dalili zilikuwa zimeonekana. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, nchini Rwanda, na watu wapatao 120,000 walipoteza makazi. Vifo vilikuwa vichache mno vikilinganishwa na wingi wa watu hao. Ratiba iliyowaokoa haikutoka ofisini. Kila familia ilijipangia yenyewe. Siku chache baadaye wengi walirudi, lava ikiwa bado ya moto, kwa sababu maisha ya ugenini yalikuwa yamewashinda.

Baada ya 2002 vyombo viliongezwa, na Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Goma kilipata misaada ya nje. Msaada wa Benki ya Dunia ulikwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa intaneti ya kupokelea taarifa kutoka vyombo vyake vya mbali. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Lava ilishuka hadi Buhene, kwenye kingo za kaskazini za jiji, ikakata barabara ya Rutshuru na kuteketeza maelfu ya nyumba katika eneo la Nyiragongo. Watu wapatao 30 walikufa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mlipuko huo haukutanguliwa na dalili za kawaida. Ishara zilizoweza kutambulika zilitokea kwa muda mfupi tu kabla yake. Kwa hiyo hata vyombo vizima visingaliweza kutoa onyo la siku nyingi.

Uamuzi mgumu zaidi ulikuja siku tano baadaye. Lava ilikuwa imesimama, lakini ardhi iliendelea kutetemeka na nyufa zilionekana mjini. Wataalamu waliona kuwa majimaji ya moto yamejipenyeza chini ya jiji na chini ya Ziwa Kivu. Hofu ilikuwa ya aina mbili: mlipuko ndani ya jiji lenyewe, na mlipuko wa hewa iliyojaa katika vilindi vya ziwa. Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Watu wapatao 400,000 waliondoka, wengi wao kuelekea Sake. Mlipuko wa pili haukutokea. Kuanzia tarehe 7 Juni serikali iliruhusu watu warejee kwa awamu.

Je, amri hiyo ilikuwa kosa? Wako wanaosema hivyo, kwa kuwa jambo lililohofiwa halikutokea. Hapa ndipo elimu ya ratiba inapomfaa mwanahistoria. Uamuzi uliofanywa katikati ya mashaka hauwezi kupimwa kwa matokeo peke yake, kama vile mchagua ndoo hawezi kuitwa mjinga siku ile lori lilipofika. Upimwe kwa yale yaliyojulikana saa ile, kwa kigezo kilichotumika, na kwa njia zilizobaki wazi. Kuondoka ni hatua ambayo mtu anaweza kurudi kutoka kwayo. Kuzikwa chini ya lava si hatua ya namna hiyo. Kwa kipimo hicho amri yenyewe ina utetezi mzuri.

Kasoro yake iko kwingine. Ratiba iliishia pale watu walipotoka mjini, na haikusema lolote la kutosha juu ya maji, chakula na malazi ya huko waendako. Sake ni mji mdogo. Wengi walilala nje, na watoto walitengana na wazazi wao katika msukumano. Wenye nafasi walivuka mpaka au walipanda boti kwenda Bukavu. Wasio nayo walianza kurudi kwa siri kabla ya ruhusa, wengine kulinda nyumba zao dhidi ya wezi. Mwenye amri alikuwa amehesabu hatari ya kubaki. Gharama ya kuondoka aliwaachia waondokao waihesabu wenyewe.

5.0 Kambi: 2012 na 2022

Mlima si chanzo pekee cha mashaka ya Kanyaruchinya. Mwaka 2012, vita vya M23 katika Rutshuru viliwaleta hapo makumi ya maelfu ya wakimbizi wa ndani. Tarehe 18 Novemba mwaka huo mapigano yalikaribia, na kambi nzima ilikauka watu kwa saa chache. Goma ilianguka siku mbili baadaye. Mwishoni mwa Oktoba 2022 M23 waliteka Rutshuru na Kiwanja, na Kanyaruchinya ikajaa tena. Februari 2025, baada ya Goma kutekwa mwezi uliotangulia, kambi zilizolizunguka jiji, Kanyaruchinya ikiwa mojawapo, zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao.

Maisha ya kambi yalikuwa shule ya kupanga kazi. Juu ya mwamba wa lava, choo hakichimbwi kwa jembe, na maji hayapatikani kwa kisima cha mkono. Eneo hilo lilikuwa limekwisha kutoa funzo chungu mwaka 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma na watu wapatao 50,000 wakafa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara. Desemba 2022 kipindupindu kilitangazwa tena katika eneo la Nyiragongo.

Wakati huo huo, dunia nzima ilikuwa na upungufu wa chanjo ya ugonjwa huo. Chanjo ya kunywa hutolewa kwa kawaida mara mbili. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitangaza kuwa, katika kukabiliana na milipuko, dozi ingetolewa mara moja tu kwa muda. Dozi moja hulinda kwa kipindi kifupi zaidi. Lakini kwa akiba ile ile, watu walio mara mbili hufikiwa. Huo ni mfano bora wa ratiba iliyotaja kigezo chake hadharani: tunapunguza ubora wa kinga ya kila mtu ili tuwahi watu wengi zaidi, na tunasema kuwa jambo hili ni la muda. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo, lakini hawezi kudai kuwa alifichwa kilichotolewa na kilichopatikana.

6.0 Wapangaji wengi, mlima mmoja

Limebaki jambo moja. Tangu Reid Smith aeleze mwaka 1980 namna mashine zinavyoweza kutangaziana kazi na kupokezana kama katika zabuni, wataalamu wametambua kuwa ugumu mkubwa hauko kwa wakala mmoja. Uko pale ambapo mawakala wengi hupanga kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa kigezo chake, huku kazi ya huyu ikitegemea ya yule.

Kanyaruchinya ni hivyo hivyo. Mchunguzi wa volkeno hupima matetemeko na hupenda kusubiri takwimu zaidi. Mtawala huogopa kulaumiwa kwa vifo, na pia kwa hofu isiyo na sababu. Shirika la msaada huhesabu malori. Familia huigawa kazi: mama na wadogo hutangulia, kijana hubaki na mzigo juu ya chukudu, mwingine hulinda mlango. Mpango wa familia si ukaidi dhidi ya mpango wa serikali. Ni ratiba kamili, iliyopangwa na mtu aijuaye gharama ya kila hatua kuliko ofisi yoyote. Serikali ikiamuru bila kuijua ratiba hiyo, mipango miwili hugongana barabarani, na barabara ya kutoka Goma kwenda Sake ni moja.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa historia ya mawakala wa kompyuta na historia ya Kanyaruchinya zinakutana katika swali moja: ni nani anayetaja kitakachotolewa ili kingine kipatikane? Mashine huwalazimu watu kulijibu mapema. Maafa huwaruhusu kulijibu baadaye, baada ya hasara, na mara nyingi kwa maneno ya kujitetea.

Kwa watafiti wa Kiswahili, kazi mbili zinafuata. Ya kwanza ni kukusanya, kutoka kwa wakazi wa Kanyaruchinya, Kibati na Munigi, masimulizi ya ratiba zao za 1977, 2002, 2012 na 2021: nani alitangulia, nini kilibebwa, nini kiliachwa na kwa sababu gani. Walioshuhudia 1977 wakiwa watu wazima wamebaki wachache, na kazi hiyo haitangoja. Ya pili ni kuandaa msamiati wa kueleza viwango vya shaka kwa lugha ambayo msikilizaji wa redio ataielewa saa tisa ya usiku. Onyo lisemalo kuwa mlima "unaweza" kulipuka halimsaidii mtu. Kila mlima wa moto unaweza. Anachohitaji ni kuambiwa tunajua nini, hatujui nini, tutajua zaidi lini, na akiondoka sasa atakuta nini mbele. Akiyapata hayo manne, ataweza kuamua mwenyewe ni methali ipi kati ya zile mbili inayomhusu usiku huo.